Tulivyopimwa kwa Mizani ya Pamba

Nilipoingia chuoni nilikuwa na miaka thelathini na miwili, watoto wanne, na mgongo uliokwisha kulima pamba ya kutosha kuivalisha Ulaya nzima. Jambo la kwanza walilonifundisha ni kukimbia.

Sikwenda kule kukimbia. Nilikwenda kujifunza uashi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati ule ukimwona mtu ana sabuni unamwamkia kwanza, hata kama ni mdogo kwako. Chuo chenyewe kilikuwa mkoani Shinyanga, kimojawapo cha vile vya maendeleo ya wananchi, vilivyojengwa ili watu wazima kama sisi, tulioachia shule darasa la nne au tusiofika hata huko, tupate ufundi wa kutulisha. Wanawake walipangiwa ushonaji na upishi. Mimi nikamwambia Mkuu wa Chuo kwamba kupika nimeshapika miaka kumi na saba na sikupewa cheti, kwa hiyo anipeleke kwenye matofali. Akacheka, waliokuwepo nao wakacheka, akaandika. Leo nyumba ninayokaa hapa Masumbwe ina vyumba saba na niliipanga tofali kwa tofali kwa mikono hii. Waliocheka wengi wao wamepanga vyumba kwa watu.

Sasa turudi kwenye mbio. Muhula wetu wa pili alikuja mwalimu kijana, mtanashati, kalamu tatu mfukoni, ametoka kwenye semina ndefu. Kule semina walimpa Mpango wa Afya na Ustawi wa Mwanachuo. Aliubeba kwenye jalada la rangi ya machungwa, na hata akienda chooni jalada lilikuwa kwapani. Alikuwa na adabu, hilo sitamnyima. Kila asubuhi kabla jua halijatoka alisimama nje ya bweni letu la kina mama na kutuita kwa heshima zote, "Shikamooni mama zangu." Tukaitikia marahaba. "Haya mama zangu, mchakamchaka."

Tukakimbia. Wanawake waliozoea kwenda kisimani na kurudi mara nne kwa siku, ndoo kichwani na mtoto mgongoni, tulikimbia kuzunguka uwanja wa mpira ili tupate mazoezi. Mzee mmoja wa darasa la useremala, mtu wa makamo mwenye wajukuu, alimuuliza mwalimu tunakimbilia wapi, ili ikiwa ni mbali abebe michembe, viazi vyake vikavu vya njiani. Mwalimu akamwambia hatuendi popote, tunafukuza maradhi. Mzee akatazama nyuma, akatazama mbele, akasema basi hayo maradhi yana mbio, maana yeye hayaoni.

Halafu kulikuwa na somo la mlo kamili. Mwalimu alibandika ukutani picha kubwa ya rangi: yai, samaki, bilauri ya maziwa, chungwa lililokatwa katikati. Tuliitazama picha ile kwa saa nzima, na kwa kweli ilikuwa nzuri. Kisha kengele ikalia, tukaenda kula ugali na maharage yenye wadudu. Wiki iliyofuata tukarudi kuitazama tena. Mama mmoja aliuliza kama kwa mujibu wa mpango inaruhusiwa kuilamba.

Na baada ya chakula cha mchana, saa ya utulivu wa akili. Ilitakiwa tulale chali vitandani, macho tumeyafumba, mikono haishiki kazi, tukiwaza mambo mema. Mwanamke wa Kisukuma alale chali mchana kweupe, mikono mitupu! Tulibambua karanga chini ya mashuka. Mwalimu akipita dirishani alisikia kah, kah, kah, akaandika kwenye jalada lake kwamba vitanda vyetu ni vibovu na vinatuondolea utulivu.

Hayo yote yalikuwa mchezo. Ubaya ulikuja na mizani.

Mpango ulisema kila mwanachuo apimwe uzito kila baada ya wiki mbili, Jumamosi. Chuo hakikuwa na mizani ya watu. Basi mwalimu akaenda ghala la pamba la kijiji, na kwa kuwa haukuwa msimu, akaazimwa mizani ya kununulia pamba, ile ya kuning'inia yenye uso kama wa saa na ndoano chini. Wakaifunga kwenye boriti ya karakana ya useremala. Kwenye ndoano wakatundika gunia lililopasuliwa, pembe nne. Unaingia ndani ya gunia, unakunja miguu, wanakuachia, unaning'inia hewani ukizunguka polepole kama mbuzi wa kuchinjwa, na mwalimu anasoma. Kwa mtu mwenye wakwe ilikuwa fedheha isiyo na jina.

Sheria zilikuwa mbili. Ya kwanza, anayepanda uzito vizuri kuliko wote mwisho wa muhula atapewa mche mzima wa sabuni. Ya pili, anayeshuka mara tatu mfululizo atarudishwa nyumbani akapumzike mpaka afya yake itengemae. Nyumbani ndiko kwenye jembe, nakukumbusha. Na nafasi yake angepewa mwingine, maana waliokuwa wakingoja nafasi walijaa.

Jirani yangu wa kitanda aliposikia sheria ya pili, aliacha kubambua karanga.

Nimweleze kidogo huyu. Alikuwa mdogo kwangu, miaka ishirini na sita hivi, mwembamba, mtu wa upande wa Ushirombo. Aliolewa na mchimbaji wa dhahabu, wakaenda kukaa huko Rwamgasa, Geita. Mume alishuka kwenye duara, ndivyo wanavyoyaita mashimo yao, na yeye juu alitwanga mawe kwa chuma mpaka yawe unga, miaka mitano, ndani ya kibanda kisicho na dirisha. Siku moja duara likamfunika mume. Shemeji zake wakawachukua watoto wawili, wakamwambia atawapata siku atakayokuwa na mlango wake wa kufunga. Parokia moja ya kwao ikamwahidi chumba na cherehani, ashone sare za shule, lakini alete kwanza cheti cha ushonaji. Cheti, chumba, watoto. Hiyo ndiyo hesabu aliyoilalia na kuiamkia. Na alikuwa anajua kushona jamani. Mshono wake usingeutoa hata kwa meno.

Alikuwa pia akikohoa. Kikohozi kikavu, cha alfajiri. Alisema ni vumbi la mawe, litaisha. Nami nikaona ni vumbi la mawe, litaisha. Wote wawili tulikuwa wataalamu.

Mara ya kwanza alipimwa kilo arobaini na nane. Mara ya pili arobaini na sita. Alitoka karakana macho yamemtoka, akanifuata kwenye matofali.

"Dada, nikishuka tena mara mbili nimekwisha."

"Hushuki," nikamwambia. "Wewe unadhani mimi mtoto wa nani?"

Sasa hapa msomaji inabidi ujue malezi yetu. Mtoto aliyekua kwenye pamba anajua mizani kuliko anavyojua sala. Karani wa pamba alituibia kwa kidole kidogo alichokiweka chini ya gunia ili mzigo uonekane mwepesi, na baba yangu naye alimrudishia kwa kunyunyiza maji usiku wa kuamkia mauzo na kutia jiwe katikati ya mzigo. Hakuna aliyeona dhambi. Kwetu mizani ilikuwa adui, na hukumu yake ilikuwa moja tu: kizito ndicho chema. Haikunijia hata siku moja kwamba mizani inaweza kuwa inamwambia mtu jambo la kumfaa. Mizani gani hiyo? Sijawahi kuiona.

Nikachota mchanga mto mkavu, nikauchekecha kama wa kupigia lipu, laini, usiochoma. Yeye akashona mkanda mpana wa marekani wenye vifuko, wa kufunga kiunoni chini ya gauni na khanga mbili. Jumamosi ya tatu akapanda hadi kilo arobaini na saba. Ya nne, arobaini na nane na nusu. Mwalimu hakushuku, na hata angeshuku angefanya nini? Kijana wa watu, amelelewa vizuri, hawezi kumpapasa mama wa watu kiunoni. Heshima ile ile aliyotuamkia nayo ndiyo tuliyofichia mchanga.

Usidhani tulikuwa peke yetu. Kwa ajili ya ule mche wa sabuni chuo kizima kilinenepa. Waseremala walitia misumari mifukoni. Kina mama wa upishi walikunywa maji mpaka wakawa wanatembea kwa tahadhari. Yule mzee mwenye wajukuu alipanda mizani na nondo ndani ya mguu wa suruali, akashindwa kukunja goti, akaning'inia mguu mmoja umenyooka nje kama mkono wa jembe. Mwalimu akamwandikia kwamba ana ugumu wa viungo, aongezewe mbio.

Na mwalimu alifurahi! Alichora michoro kwenye manila, kila mtu na mstari wake, mistari yote inapanda kwenda mbinguni. Ugali ule ule, maharage yale yale, lakini watu wanapanda. Aliamini kabisa kwamba ni zile fikra njema za mchana.

Mchoro alioupenda kuliko yote ulikuwa wa jirani yangu. Wengine walipanda tu, lakini wake ulishuka kwanza, ukafika bondeni, ndipo ukageuka na kupanda bila kurudi nyuma. Alisema huu ndio ushahidi: mwanachuo alikuwa anapotea, Mpango ukamwokoa. Akaandika taarifa mkoani. Mkoani wakajibu kwamba watakuja kujionea.

Mimi ndiye niliyeuchora mstari ule, kwa koleo. Kila wiki mbili nilimwongezea mchanga uliozidi kidogo kile alichopungua, kwa kukadiria kwa mkono kama mkulima anavyokadiria mzigo. Nilijisifu, kusema kweli. Nilimfunga mkanda nikamgonga mgongoni nikamwambia karani hapati kitu hapa. Nilichokuwa nakifunga ni kiuno kilichokuwa kinakwisha mikononi mwangu, na mwanzoni sikukiona. Baadaye nilikiona. Jumamosi ya sita kamba ya mkanda iliyomtosha mwanzo ilizunguka mara mbili. Alfajiri alikuwa anakohoa ameuma shuka. Nikamwambia twende zahanati.

"Watanipima," akasema.

"Wakupime, ndiyo."

"Wakinipima wataandika. Wakiandika, Mkuu atasoma. Dada, zimebaki wiki tano. Nikipata cheti nitakwenda mwenyewe, hata hospitali kumi."

Watu wananijua kwa mdomo, lakini siku ile nilinyamaza, na nikaongeza koleo.

Wageni wakaja kwa Landrova mbili. Walikuwemo mabwana wa elimu wenye suti za mikono mifupi, na mama mmoja muuguzi wa mkoa, mtu mzima, sweta la bluu begani ingawa jua lilikuwa la kuchoma mbegu. Chuo kilifagiliwa mpaka mchwa wakahama. Jikoni, siku hiyo moja, kulikuwa na mayai. Tuliyatambua haraka kwa sababu tulishaiona picha. Ratiba ilikuwa hivi: kwanza wanachuo wote wakimbie mizunguko miwili ya uwanja, wakiongozwa na mwanachuo bora wa afya, yaani jirani yangu, na filimbi mdomoni. Kisha, moja kwa moja, bila kupumzika, apimwe mbele ya wageni ili waone mstari unavyopanda.

Maana yake ilibidi akimbie na mchanga wote. Hapakuwa na dakika ya kuuvaa katikati.

Tukaanza. Mimi nilikuwa safu ya pili, nyuma yake kabisa. Mzunguko wa kwanza alikwenda, na filimbi inalia, pi, pi, na sisi tunaitikia. Wageni wakapiga makofi. Mwalimu alisimama na jalada lake kifuani kama bwana harusi. Mzunguko wa pili filimbi ikaanza kuruka, ikalia mara moja kwa hatua kumi, kisha ikanyamaza. Nilisikia pumzi yake. Nimefanya kazi karibu na wahunzi, naijua sauti ya mivukuto iliyotoboka. Akachukua pembe ya khanga akaipeleka mdomoni, na ilipotoka ilikuwa na damu, akaikunja haraka ndani kama mtu anayeficha barua, na akaendelea kukimbia.

Alikuwa anakwenda kufa pale na angefika. Hilo mnielewe. Yule hakuwa mtu wa kuanguka. Angekimbia mpaka kwenye mizani, angepanda, angesomewa, ndipo afe.

Nikamkamata mkono. Akanivuta. Nikamkamata kiuno, wageni wote wanatazama, safu ya nyuma inatugonga mgongoni.

"Niache."

"Simama."

"Niache dada, nakuomba. Imebaki kupimwa tu."

Nikamkalisha chini kwenye nyasi. Nikaingiza mkono chini ya khanga nitafute fundo, fundo likagoma. Nikajaribu kuupasua mshono, na nimeshawaambia mshono wake ulivyokuwa. Mwisho nikachukua jiwe nikausaga mkanda mpaka ukatoboka. Mchanga ukamwagika kwenye nyasi, mbele ya elimu nzima ya mkoa, ukaendelea kumwagika, ukaendelea, nami nikiukamua. Yeye aliutazama mchanga, kisha akanitazama mimi. Sijatazamwa hivyo tena maishani, hata na wenye kunidai nyumba zao nilizochelewesha.

Yule muuguzi ndiye wa kwanza kufika. Alipiga magoti na sweta lake, akaweka sikio mgongoni, akamgeuza, akafunua ile pembe ya khanga iliyokunjwa. Akamwuliza amekohoa kwa muda gani. Halafu akamgeukia mwalimu, kwa upole, kama anauliza saa.

"Mwanangu, hapo kwenye karatasi yako, mtu ni kilo ngapi na mchanga ni kilo ngapi?"

Walimpima kabla ya kumpakia kwenye Landrova. Alikuwa kilo arobaini na moja.

Kilikuwa kifua kikuu, na chini yake lile vumbi la mawe. Kesho yake wakaja watu wa hospitali na vikopo, bweni zima tukapimwa makohozi, na kina mama wawili wengine wakakutwa nacho. Wanawake ishirini tulilala chumba kimoja, tunavuta pumzi moja, miezi yote ile, na mimi ndiye niliyekuwa naficha. Ningeweza kukwambia nilifanya kwa mapenzi. Ndiyo, nilifanya kwa mapenzi, na kwa ujinga, na mapenzi ya mjinga yana uzito wake. Wale wawili walichomwa sindano kwa ajili ya ujinga wangu. Sijisafishi.

Ila tazama: hiyo ndiyo siku ya kwanza Mpango wa Afya ulipogusana na afya. Muhula mzima ulikuwa unapita kando.

Mwalimu alinikuta jioni nikiosha khanga. Hakuwa na jalada. Akaniuliza, karibu alie, kwa nini tulimfanyia vile, yeye aliyetutakia mema.

"Mwalimu," nikamwambia, "ulisema anayeshuka atarudi kwao. Hukusema anayeshuka atatibiwa. Ungesema hilo, nani angekwenda kuchota mchanga?"

Akasema kwenye kitabu cha mpango iliandikwa apumzike. Nikamwuliza aliyeandika kitabu ana jembe kwao? Siku zilizofuata alipunguza mbio.

Mkuu wa Chuo naye aliniita ofisini. Akanihukumu wiki tatu za kuchimba choo cha shimo, kwa udanganyifu. Sawa. Nilichimba, na kwa kuwa sipendi kazi ya ovyo nikakijengea tofali za kuchoma mpaka juu, wakati hakuna aliyeniambia. Mara ya mwisho nilipopita kilikuwa kimesimama. Ofisi yake ilishaanguka.

Hukumu ya pili ndiyo iliyonichoma. Akasema kwamba kwa mujibu wa sheria, mgonjwa akitoka hospitali ataenda kwao kupumzika, na nafasi yake ya ushonaji wiki ijayo atapewa mwingine. Alisema kwa sauti ya kawaida, akitafuta kifuniko cha wino.

Yaani mimi nilimvua mkanda mbele ya watu, nikamwaibisha, ili apate yale yale aliyokuwa anayakimbia? Nilitoka ofisini bila kuaga. Nikaenda bwenini, nikakaa kitandani kwake, nikawaambia kina mama. Sikutoa hotuba. Niliwaambia watoto wake ni wawili na wako wapi, basi.

Jumamosi ikafika, mizani imetundikwa, gunia limefunguliwa. Mwalimu akaita jina la kwanza. Mama wa kwanza akajibu, "Nipo," hakuinuka. Akaita la pili. "Nipo." Tulikuwa tumekaa chini sakafuni, miguu tumeinyoosha, khanga zimefunika magoti, kama tuko msibani. Alipofika nusu ya orodha akaenda kumwita Mkuu.

Mkuu akasimama mlangoni. Akatuuliza tuna nini.

Nikamwamkia kwanza, shikamoo, maana ugomvi usio na salamu ni wa walevi. Akaitikia. Nikamwambia, "Mkuu, hatupandi."

"Hampandi nini?"

"Gunia. Nafasi ya mwenzetu ikibaki, tutapanda hata mara mbili kwa siku. Isipobaki, mpime maharage."

Akasema huo ni uasi. Mama mmoja mnene, wa upishi, akasema kwa sauti ya chini kwamba hapana Mkuu, uasi ni kukimbia, sisi tumekaa. Yule mzee mwenye wajukuu, ambaye hakuna aliyemwalika, akaingia na nondo yake mkononi waziwazi, akakaa mwisho wa mstari, mguu sasa unakunja vizuri kabisa. Mkuu alimtazama mzee, akatazama nondo, na nadhani hapo ndipo alipofikiri mkoa ukirudi kukagua mistari ile itakuwaje. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa karatasi. Mpe karatasi nyingine atakwenda njia nyingine.

Akaandika barua kwamba nafasi ya mgonjwa itatunzwa mpaka hospitali itakapomruhusu, naye ataendelea pale alipoishia. Nikaomba isomwe. Ikasomwa. Nikaomba isomwe tena, maana shule yangu ni fupi. Ikasomwa. Nikauliza muhuri uko wapi. Akaenda kuuleta mwenyewe. Ndipo tukapanda gunia, mmoja mmoja, bila mchanga wala misumari wala maji, na chuo kizima kikakonda kwa siku moja.

Taarifa ya mkoa, nilisikia baadaye, ilikwenda na mistari yake yote inayopanda. Mwalimu wetu alijaribu kuirekebisha, wakamwambia imeshachapwa. Akapandishwa cheo akafundishe Mpango kwenye vyuo vingine. Mungu ambariki, miguu ya watu wa huko pia ina haki yake.

Mimi nilimaliza, nikapata cheti, nikaja Masumbwe kujenga. Hospitali nilikwenda mara tatu kumwona. Mara zote tatu aligeukia ukutani. Barua ya Mkuu nilimpelekea mimi mwenyewe, muuguzi akamsomea, akaiweka chini ya mto bila kunitazama. Sikwenda ya nne. Nami nina kiburi changu.

Ikapita miaka miwili na zaidi. Nikapata kazi ya kupiga lipu darasa moja upande wa Ushirombo, nikaulizia parokia, wakanionyesha. Kilikuwa chumba cha mwisho, mlango wa mbao umepakwa rangi ya kijani, una kitasa na kufuli. Cherehani ilikuwa inalia ndani. Nje watoto wawili wa kiume walikuwa wanamenya mihogo na kugombania kisu. Waliponiona wakaacha, wakaniamkia vizuri, wakaita mama yao.

Akatokea mlangoni, futi ya kupimia shingoni. Alikuwa amenenepa. Kwa uhakika, safari hii.

Hakutabasamu. Akasimama ananitazama miguu, viatu vimejaa saruji.

"Uliniaibisha," akasema.

"Ndiyo."

"Mbele ya watu wa mkoa."

"Ndiyo."

Akamgeukia mkubwa wa watoto, akamwambia aongeze maji ya ugali, kuna mgeni. Kisha akanisogezea kigoda.

"Sijakusamehe bado," akasema. "Kaa, ule."

Nikakaa.